Sheria ya uraia ya Kongo ianze na cheti cha kuzaliwa

Mei 2025 magari yaliyojaa wanawake, watoto na mafurushi yalivuka kutoka Goma kuingia Rwanda. Waasi wa M23, waliokuwa wameushika mji huu tangu mwisho wa Januari, walisema abiria hao ni Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Kongo kinyume cha sheria, na kwamba kadi za Kongo walizokuwa nazo baadhi yao zilikuwa za kughushi. Shirika la Human Rights Watch likajibu kwamba kuwahamisha raia kwa nguvu wakati wa vita ni uhalifu wa kivita. Watu wakagawanyika kama tulivyozoea kugawanyika. Wako waliosema wapelekwe kwao, na wako waliosema wanaibiwa kwao. Katika kelele zote hizo lilipotea swali dogo ambalo karani wa serikali yoyote iliyo timamu angelijibu kabla chai yake haijapoa: watu hawa, mmoja mmoja kwa jina lake, ni raia wa nchi gani?

Halikujibiwa kwa sababu hakuna daftari la kufungua ili kulijibu. Kongo ilihesabu watu wake mara moja tu tangu uhuru, mwaka 1984. Kadi ya kitambulisho cha taifa ni kitu ambacho vijana wa Goma wanakisikia kwa wazazi wao. Ofisi ya kuwatambua wananchi, ONIP, iliundwa 2011, na Rais Tshisekedi akakabidhiwa kadi yake ya kwanza tarehe 30 Juni 2023 mbele ya kamera, lakini huku mashariki kadi hizo zimebaki habari ya televisheni. Kinachotutambulisha ni kadi ya mpiga kura. Yaani nchi nzima inathibitisha uraia wake kwa karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya siku moja ya uchaguzi, na iliyotolewa mara nyingi kwa ushahidi wa majirani. Karatasi ya namna hiyo, anayetaka kuikana ataikana, na anayetaka kuinunua ataipata.

Ndiyo maana nasema tunahitaji kuziandika upya sheria zetu zote za uraia, wageni, wakimbizi na mpaka, na kuziandika kwa pamoja. Najua mahali pa kuyasema maneno haya ni pabaya. Mji wenyewe hauko mikononi mwa serikali inayotunga sheria. Lakini mazungumzo ya amani ya Washington na ya Doha, kila yanapofika kwenye suala la kurudisha wakimbizi, yanafika pale pale kwenye ukuta wetu wa zamani: nani wa hapa, nani wa kule. Wanadiplomasia wataondoka na sisi tutabaki na ukuta huo.

Tatizo lenyewe lina umri, na lina tarehe. Huku kwetu uraia umekuwa suala la tarehe kama vile kalenda ndiyo mama mzazi. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilimtambua Mkongo kwa babu wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya Januari 1972, iliyopita wakati Barthélemy Bisengimana akiwa mkuu wa ofisi ya Mobutu, iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Miaka tisa baadaye, Juni 1981, sheria nyingine ikaifuta hiyo na kurudisha kipimo nyuma kabisa hadi 1 Agosti 1885, siku za Mfalme Leopold, wakati ambapo hakuna Mbelgiji aliyejua Masisi iko wapi. Kisha baada ya vita viwili na mkataba wa Sun City ikaja sheria ya 12 Novemba 2004, inayosema Mkongo wa asili ni mtu wa makundi ya kikabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa Kongo wakati wa uhuru.

Zisome kwa kufuata maisha ya mtu mmoja. Chukua mzee aliyezaliwa Masisi 1955, wa wazazi walioletwa na Wabelgiji 1938. Hajawahi kuhama. Amelima shamba lile lile, amemzika baba yake pale pale. Mwaka 1964 uraia wake una mashaka. Mwaka 1972 ni Mzaire kamili. Mwaka 1981, akiwa na miaka 26 na labda watoto wawili, anaambiwa si raia tena mpaka aombe kama mgeni yeyote. Mwaka 2004 anarudishiwa, lakini kwa njia ya kabila lake, kwa hiyo anayetaka kumpinga hana haja ya kuchunguza maisha yake. Inatosha kubishana kama kabila hilo lilikuwepo. Mzee amekaa kwenye kigoda chake muda wote huo. Sheria ndiyo iliyokuwa ikihamahama.

Na waliomleta baba yake wanajulikana. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa Kibelgiji uliendesha mpango rasmi wa kuwahamishia Kivu Wanyarwanda, makumi ya maelfu, kwa sababu mbili zilizowafaa wao: milima ya Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa, na mashamba ya walowezi na machimbo ya Kongo yalitaka mikono. Ardhi ya Gishari ilichukuliwa kwa machifu wa Wahunde kwa malipo ambayo hadi leo wajukuu wao wanayaona kuwa dhihaka. Utawala ukawawekea wageni hao uchifu wao wenyewe, kisha 1957 ukauvunja. Wahunde wakabaki na hisia ya kunyang'anywa, wahamiaji wakabaki bila chifu wala hati, na Wabelgiji wakaenda zao 1960. Ukiongeza kwamba Rutshuru, upande wa Bwisha, walikuwepo wasemaji wa Kinyarwanda hata kabla ya mkataba wa mipaka wa 1910 uliochorwa Brussels, na kwamba kuanzia 1959 walianza kuingia Watutsi waliokimbia mauaji, utaona tuna angalau aina tatu za watu: waliokutwa na mpaka, walioletwa, na waliokimbia. Sheria zetu hazijawahi kuwatenganisha hao kwa utulivu. Zimewakubali wote kwa pamoja au zimewakataa wote kwa pamoja, kutegemea nani yuko karibu na sikio la rais.

Wakati wa uamuzi wa kuwakataa wote kwa pamoja tulilipa sana. Machi 1993 vurugu zilizoanzia sokoni Ntoto, Walikale, zilienea Masisi na kuua maelfu. Mwaka uliofuata, Julai, karibu wakimbizi milioni moja wa Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache, wakiwemo wauaji na silaha zao. Kipindupindu kikawazoa watu kwa makumi ya maelfu, na mji huu bado unakumbuka harufu yake. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito mjini Kinshasa likapitisha azimio la kuwarudisha Wanyarwanda kwao, likiwachanganya hao wa 1994 na watu waliokuwa na makaburi ya babu zao Kivu. Mwaka mmoja na nusu baadaye vita vya waasi wa AFDL vilipoanza Kivu ya Kusini, Wanyamulenge, yaani Watutsi wa huko, walioshika bunduki walikuwa na sababu iliyoandikwa kwa mhuri wa bunge. Waasi waliofuata, RCD, CNDP na M23, wote wamekuja na sababu hiyo hiyo mfukoni.

Sitaki mtu anielewe kwamba vita vya Kivu vimezaliwa na kifungu cha sheria. Rubaya, huko Masisi, kuna koltani. Kigali ina maslahi yake, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kuhusu wanajeshi wa Rwanda kuwa upande wa M23, mambo ambayo Rwanda imeyakana. Ukitunga sheria nzuri kuliko zote duniani, mwenye mizinga hatairudisha nyuma kwa sababu hiyo. Ila kwa miaka thelathini tumemwachia kila mwenye mizinga hoja moja ambayo ni ya kweli, na hoja ya kweli katika mdomo wa mtu mwenye bunduki inaua kuliko ya uongo. Mimi ningependa tumnyang'anye hiyo.

Tuone sasa upande wa mpaka wenyewe, kwa sababu uraia ni neno kubwa na mpaka ni mahali pa kusimama.

Petite Barrière, kivuko cha mpakani mtaa wa Birere, Goma, alfajiri kabla kizuizi hakijainuliwa. Upande huu wanangoja watu wenye marobota ya mitumba, vitenge na viatu. Upande wa Gisenyi, yaani Rwanda, wamejipanga wanawake wenye mabeseni ya nyanya, vitunguu na kabichi, na vijana wenye madumu ya maziwa. Katikati yao wapo watu wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono, zimepakiwa magunia hadi mwenyewe haonekani. Kwa miaka mingi walipewa unafuu mpakani, wakajijengea biashara ya uchukuzi ambayo wenye miguu yao miwili wanaionea wivu. Kabla ya korona watu waliovuka hapa kwa siku walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawana pasipoti na hawataimiliki kamwe. Wanavuka kwa kadi na kile kikaratasi tunachokiita jetoni, na jioni wanarudi kulala kwao.

Jetoni ndiyo sheria ya uhamiaji ya maskini wa Goma, na ni utaratibu wa ofisi tu, unaobadilika kwa tangazo. Agosti 2019, kwa hofu ya Ebola, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa bila taarifa na watu wakakwama pande zote mbili. Machi 2020 ulifungwa kwa korona, na mitaji ya wanawake wa Birere, ambayo ni dola hamsini au mia, ikaliwa nyumbani. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kupigwa risasi na kufa upande wa pili wa kizuizi, saa za kuvuka zikakatwa ziishe saa tisa alasiri. Kila mara sababu ilikuwepo. Ninachokidai ni kwamba hakuna hata mara moja ambapo mtu wa jetoni alikuwa na haki yoyote iliyoandikwa ya kudai taarifa, muda au fidia. Mwenye kontena ana mkataba, ana wakili, ana namba ya simu ya mkubwa. Mwenye beseni ana mdomo wake tu.

“Mama, jetoni iko wapi?”

“Iko huku, shefu, ngoja niteremshe mzigo.”

Wakati mzigo unateremshwa, mkono wa mtu mwingine umeshaingia chini ya nyanya kutafuta chochote, na huyo si wa uhamiaji wala wa forodha. Amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 inaruhusu idara nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Katika miaka yote niliyoujua mpaka huu chini ya serikali, hakuna mfanyabiashara ambaye angekuhesabia wanne. Angekuhesabia mpaka vidole viishe, na kwa kila kimoja angekutajia matabishi yake, yaani hongo. Tuna amri nzuri basi, ina zaidi ya miaka ishirini, na haijawahi kumzuia mtu mmoja kuingiza mkono ndani ya beseni. Hili nalileta ili wanaodhani nadai sheria tu wajue kwamba ninafahamu sheria za Kongo zinavyoweza kulala.

Huenda msomaji ananiuliza: nchi iliyovamiwa kutoka mlango huo huo, unaiambia ifungue mlango? Swali la haki kabisa, na mwenye kuzika ndugu zake Januari 2025 ana haki ya kulisema kwa hasira. Lakini walioingia mjini tarehe 27 Januari hawakupanga foleni Petite Barrière, na hakuna mwanajeshi duniani anayeomba jetoni. Kufunga mpaka wa watu wadogo kunamkamata muuza vitunguu. Tena mpaka wenye karatasi zinazoeleweka ni mpaka unaoweza kulindwa: unajua nani ameingia, kwa siku ngapi, na nani hakurudi. Mpaka wa matabishi haujui lolote, kwa kuwa aliyelipa hakuandikwa.

Kwa upande wa Afrika Mashariki tumekuwa wanachama wa ajabu. Tulitia saini mkataba wa Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, na Septemba 2023 Kenya ikawaondolea Wakongo viza. Vizuri sana kwa mwenye pasipoti. Pasipoti yetu iliwahi kuuzwa dola 185, na uchunguzi wa shirika la habari la Reuters wa 2017 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa ikiingia serikalini bali kwa kampuni na washirika wake. Bei imeshuka tangu hapo. Ila mtu wa Goma wa leo ana kikwazo kingine ambacho hakuna mchekeshaji angekibuni: uwanja wa ndege umefungwa, ofisi za serikali hazipo, kwa hiyo ili aifikie ofisi ya kumpa pasipoti mara nyingi inambidi apite Rwanda au Uganda. Anahitaji karatasi ya kusafiria ili akaombe karatasi ya kusafiria, nchini kwake mwenyewe.

Sheria inayowasimamia wageni nchini ina tarehe 12 Septemba 1983 na saini ya Mobutu. Imeandikwa kwa nchi iitwayo Zaire, yenye chama kimoja, na mgeni anafukuzwa kwa amri ya rais. Sheria ya wakimbizi ni ya Oktoba 2002. Idara ya uhamiaji, DGM, iliundwa kwa amri ya Januari 2003. Uraia ni 2004, na katiba ni 2006. Kila moja ilitungwa na watu tofauti kwa hofu tofauti, na ukizipanga mezani hazisemezani. Mfano mmoja unatosha. Mtoto aliyezaliwa Kongo kwa wazazi waliokimbia Rwanda 1994 sasa ana umri wa kuwa na watoto wake. Sheria ya wakimbizi inamlinda. Sheria ya uraia inamruhusu kuomba, lakini maombi ya kawaida yanapitia baraza la mawaziri na kuhitaji kibali cha Bunge la Taifa, ngazi ambayo tajiri wa Kinshasa anaweza kuipanda na mkulima wa Rutshuru hata haioni. Matokeo yake anatafuta kadi ya mpiga kura kwa njia za panya, na hapo hapo anathibitisha hofu ya jirani yake kwamba Wanyarwanda wananunua uraia. Sheria ndiyo iliyomsukuma kwenye udanganyifu, kisha tunamshangaa.

Majirani zetu wamepita njia hii. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwagawia vyeti vya uraia Warundi waliokimbia 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000, wengi wao wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Haikuwa rahisi, zoezi lilikwama miaka kadhaa, na wenyeji walikuwa na maswali yao. Lakini kila mmoja aliandikwa kwa jina lake, akaukana uraia wa Burundi, akapewa karatasi moja. Kenya nayo, baada ya Wamakonde wa Kwale kuandamana hadi Nairobi 2016, iliwatambua, na 2023 ikawatambua Wapemba wa pwani. Napongeza, ila njia waliyoitumia Kenya sitaitaka hapa. Wamakonde waliingizwa kama kabila la 43, na Kongo haihitaji kabila lingine lililopewa namba na rais. Tumeonja utamu na uchungu wa uraia wa kundi: unaopewa kwa pamoja unapokonywa kwa pamoja.

Kwa hiyo ningeliondoa kabila katika sheria ya uraia, lote, hata la kwangu. Mtu awe Mkongo kwa kuzaliwa na mzazi Mkongo, au kwa kuzaliwa Kongo na mzazi ambaye naye alizaliwa Kongo. Basi. Kanuni hiyo inamkubali mjukuu wa aliyeletwa Gishari 1938 bila mtu kuuliza jina la ukoo wake, na haimgusi mwanajeshi aliyevuka mwaka jana. Anayekuja kwa njia halali na kukaa miaka inayotajwa wazi aombe mbele ya hakimu wa mkoa, na akikataliwa aelezwe sababu na akate rufaa. Uraia wa nchi mbili uruhusiwe, isipokuwa kwa wachache wanaoshika vyeo vya juu vya dola. Kifungu cha 10 cha katiba kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na kila mtu anajua kifungu hicho kinavyoheshimiwa: mwaka 2007 ilipofichuka kwamba wapo wabunge wenye pasipoti za kigeni, Bunge lilijipa muda wa kurekebisha mambo, muda ukapita, na hakuna kilichotokea. Aliyeumia ni muuguzi wa Kikongo aliyechukua uraia wa Ubelgiji ili asifukuzwe kazi, ambaye sasa analipia viza kuja kumzika mama yake.

Lakini hayo yote ni maandishi kwenye hewa bila daftari la vizazi. Sheria ya familia, ilivyorekebishwa Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bure. Utafiti wa MICS wa 2017–2018 ulikuta takriban watoto wanne tu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Siku zikipita, kinachofuata ni hukumu ya mahakama badala ya cheti, na mahakama maana yake ni nauli, karatasi, shahidi, na yule anayesema faili halionekani. Mama aliyejifungulia kambi ya Bulengo, au porini akikimbia kutoka Kitshanga, hana namna ya kulifikia dawati la karani katika siku 90. Wodi ya uzazi inamfikia. Chanjo inamfikia. Mtu wa chanjo anaujua umri wa mtoto kwa wiki, anajua jina la mama, na amebeba daftari. Cheti kingeandikwa hapo hapo, kwenye kituo cha afya, chanjo ya kwanza inapotolewa, na muda wa siku 90 ufutwe kwa wote waliohamishwa na vita. Kwa watu wazima ziandikwe orodha za kijiji kwa kijiji: jina, wazazi wote wawili, mahali walipozaliwa, kisha zibandikwe hadharani miezi michache, na mwenye pingamizi alilete kwa hakimu akiwa na ushahidi kuhusu mtu huyo, si kuhusu pua yake.

Orodha za namna hiyo ndizo pia zitakazotoa jibu kuhusu wanaorudi. Wakongo zaidi ya elfu 80 wako kambini Rwanda, baadhi yao Kiziba tangu 1996. Uganda wako zaidi ya nusu milioni. Julai 2025 serikali za Kongo na Rwanda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, zilikaa Addis Ababa kuzungumzia kurudi kwao. Jirani yangu wa Masisi, Mhunde, mtu mpole, ananiambia haogopi aliyekimbia 1996. Anaogopa watakaokuja pamoja naye na kudai shamba ambalo hawakuwahi kulilima. Sina haki ya kuiita hofu hiyo ukabila. Lakini haitatulizwa kwa kufunga mlango mbele ya mkimbizi wa kweli. Itatulizwa na daftari linaloonyesha kwamba mzee fulani alikuwa mtoto wa fulani katika kijiji fulani, na kwamba aliyesimama nyuma yake hayumo.

Wapo wanaotaka kwenda upande wa pili. Julai 2021 mbunge Nsingi Pululu aliwasilisha pendekezo la Noël Tshiani la kuwafungia vyeo vya juu wote ambao baba na mama si Wakongo wote wawili. Kardinali Ambongo alilipinga, na halikupita, ila halijafa; linafufuka kila siasa ikipoa. Ni wazo jepesi kuuzika Kinshasa, ambako mpaka ni mto mpana. Hapa, ambapo Goma na Gisenyi zimeshikana ukuta kwa ukuta na ndoa za pande mbili ni za kila wiki, lingeigeuza nusu ya mji kuwa raia wa daraja la pili.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba anataka katiba iangaliwe upya. Vita vimelichelewesha jambo hilo lakini halijafutwa, na litakapofika kifungu cha 10 kitakuwa mezani pamoja na vingine. Mabadiliko ya katiba yanaweza kuishia kwenye kura ya maoni, na kura hupigwa kwa kadi ya mpiga kura. Sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru haikuandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023, kwa sababu ya vita, na haikupiga kura. Kwa hiyo watu ambao uraia wao umebishaniwa tangu 1964 ndio watakaokosa karatasi ya kuulizwa wanaonaje. Tume ya uchaguzi iambiwe mapema, kabla swali la kura halijaandikwa, kwamba uandikishaji uanzie huko.